Tongareva, kisiwa cha watu mia mbili, na kobalti ya chini ya bahari: inatugusa namna gani?

Wakati Kinshasa ilisimamisha uuzaji wa kobalti nje ya inchi, tarehe 22 Februari 2025, swali lilikuwa moja: wanunuzi watakwenda kuitafuta wapi? Jibu la kwanza linajulikana, ni Indonezia. Jibu la pili liko mbali zaidi, na wengi wetu hatujawahi kulisikia. Liko chini ya bahari ya Pasifiki, karibu kilometa tano kwenda chini, katika maji ya inchi yenye watu wapatao 15,000 tu. Inchi hiyo inaitwa Visiwa vya Cook. Na kwenye ncha yake ya kaskazini kabisa kuna kisiwa ambacho wenyeji wanakiita Tongareva. Kwenye ramani nyingi kimeandikwa Penrhyn.

Kisiwa hicho hakina mgodi. Hakina hata kilima. Watu wake wanazidi kidogo tu mia mbili; shule moja ya msingi ya Bukavu inaweza kuwa na wanafunzi wengi kuliko hao. Lakini bonde kubwa la chini ya bahari ambamo mawe yenye kobalti yamelala, wataalamu wa jiolojia wanaliita Bonde la Penrhyn, kwa jina la kisiwa hicho. Na leo Beijing, Washington na Wellington wanavutana juu ya nani atakuwa rafiki wa kwanza wa wenye bahari hiyo. Wawili kati ya hao tunawajua vizuri hapa kwetu, na wanakuja kwa ajili ya jiwe lile lile.

Kabla ya kuongea bei na mikataba, inafaa kwanza kujua mahali penyewe. Kwa kuwa mahali padogo kama hapa, katika hesabu za wakubwa, huwa panaandikwa kama nukta, na nukta haiulizwi maoni.

Pete juu ya maji

Tongareva si kisiwa kama Idjwi, chenye milima, kahawa na mananasi. Ni kile kinachoitwa atoli. Zamani sana kulikuwa volkano iliyoinuka kutoka ndani ya bahari. Ikazimika, ikaanza kuzama polepole. Matumbawe, ambayo ni wanyama wadogo sana wenye kujenga nyumba za chokaa, yalikuwa yameizunguka pembeni. Mlima uliposhuka, yenyewe yaliendelea kujenga kwenda juu, kwa sababu yanahitaji mwanga wa jua. Mwishoni mlima ulipotea kabisa chini. Ikabaki pete ya chokaa, na katikati yake maji. Juu ya pete, mawimbi yakarundika mchanga na vipande vya matumbawe, minazi ikaota, watu wakafika kwa mitumbwi.

Mzunguko wa pete ya Tongareva ni kilometa kama 77. Maji ya katikati yana ukubwa wa kilometa za mraba 233 hivi, madogo kidogo kuliko Idjwi nzima. Lakini udongo wa kukanyaga haufiki kilometa za mraba 10, tena umekatika-katika katika visiwa vidogo vilivyojipanga juu ya pete kama shanga kwenye uzi. Sehemu iliyo juu zaidi haifiki mita tano. Mtu aliyesimama katikati ya kijiji anaweza kusikia bahari ya nje upande mmoja na kuona maji tulivu ya ndani upande mwingine.

Hakuna mto wala chemchemi. Maji ya kunywa ni ya mvua: yanateremka kutoka kwenye mabati, yanaingia katika matanki, na kiangazi kikirefuka kila mtu anahesabu bidoni zake. Chakula cha hapo ni samaki na nazi. Mchele, unga na vyakula vya mikebe vinakuja kwa meli, na meli inaweza kukawia miezi. Vijiji viko viwili tu, Omoka upande wa magharibi na Te Tautua ng'ambo ya maji, na kutoka kimoja kwenda kingine ni lazima kuvuka kwa chombo. Pete ina milango michache ya kupitia. Ule wa Taruia, karibu na Omoka, ndio mashua zinautumia zaidi kuingia ndani.

Makao makuu ya inchi, Rarotonga, yako kilometa 1,365 kusini. Ni mbali kuliko kutoka Goma mpaka Lubumbashi kwa ndege, na njiani kote karibu hakuna kitu isipokuwa maji. Ndege inakwenda mara chache, na bei ya tiketi si ya mvuvi. Tofauti ya saa kati ya Tongareva na sisi wa mashariki ya Congo ni saa 12 kamili: kwetu ikiwa saa sita ya mchana, kwao ni saa sita ya usiku. Saa ya Kiswahili ingesoma namba ile ile pande zote mbili.

Tangu miaka kama kumi iliyopita, vijiji vyote viwili vinapata umeme wa jua, kazi iliyofanywa kwa msaada wa Nyuzilandi. Kwa makuta ya mfukoni, wanawake wanasuka kofia na pepeo kwa majani machanga ya mnazi, yanayoitwa rito: wanayachemsha, wanayakausha mpaka yawe meupe, kisha wanasuka nyuzi nyembamba sana. Ni kazi ya majuma mengi, na Rarotonga kofia moja inauzwa ghali. Ndani ya maji ya katikati kuna chaza wadogo wanaotoa lulu za rangi ya dhahabu, ndogo kama punje ya mtama. Ufugaji wa chaza wa lulu nyeusi ulijaribiwa pia, haukudumu.

Vijana wanaondoka. Watu wa Visiwa vya Cook ni raia wa Nyuzilandi, wanaweza kwenda kuishi kule bila viza. Leo zaidi ya 80,000 wenye asili ya visiwa hivyo wanaishi Nyuzilandi, zaidi ya mara tano ya wale waliobaki nyumbani. Hili si jambo dogo katika habari yetu. Mtu anayeambiwa kwamba mawe ya chini ya bahari yataleta meli ya mara kwa mara, daktari na kazi kwa watoto wake, hawezi kuitwa mjinga kwa sababu anasikiliza.

Karatasi ya mwaka 1862

Jina Penrhyn halikutoka kwa wenyeji. Mwaka 1788 meli ya Waingereza yenye jina Lady Penrhyn, ambayo ilikuwa imemaliza kupeleka wafungwa Australia, ilipita karibu na kisiwa ikielekea China. Wakakiona, wakakipa jina la meli, wakaendelea na safari. Mwaka 1816 alipita Otto von Kotzebue, nahodha wa meli ya Urusi. Mwaka 1853 meli ya biashara, Chatham, ilivunjika juu ya mwamba wa kisiwa. Mfanyabiashara mmoja aliyekuwa ndani, E. H. Lamont, aliishi kati ya wenyeji na baadaye akaandika kitabu juu yao. Mwaka uliofuata wakafika walimu wa dini, wenyewe wakiwa Wapolinesia kutoka visiwa vya kusini, waliotumwa na misioni ya London.

Miaka minane tu baada ya hapo ikafika meli iliyobadilisha kila kitu.

Peru ilikuwa imefuta utumwa mwaka 1854. Mashamba yake ya pwani yakakosa mikono ya kufanya kazi. Mwaka 1862 mtu mmoja kutoka Ireland, J. C. Byrne, alipata leseni ya serikali ya Peru ya kuleta “wakoloni” kutoka visiwa vya Pasifiki, yaani wafanyakazi wa mkataba. Meli yake, Adelante, ilitoka bandari ya Callao mwezi wa sita. Ilikuwa imepanga kwenda mbali zaidi, lakini ikafika Tongareva na kukuta njaa: minazi ilikuwa inakufa kwa ugonjwa. Watu wenye njaa waliambiwa kuna kazi, kuna mshahara, kuna kurudi. Walimu wa dini wa kisiwa, wanne, waliwahimiza waende, na inasimuliwa kwamba walipokea dola tano kwa kila kichwa. Mabaharia wakakipa kisiwa jina la kejeli: Kisiwa cha Wainjilisti Wanne.

Watu wapatao 250 waliingia katika meli hiyo ya kwanza. Haikuhitaji bunduki. Ilihitaji karatasi yenye lugha ambayo waliotia alama hawakuweza kuisoma, njaa, na watu ambao kijiji kiliwaamini wakisema “nendeni”.

Walipofika Callao mikataba yao iliuzwa kwa faida kubwa. Wenye meli wengine walipoona faida ile, meli zaidi ya thelathini zilikimbilia visiwa, na nyingi hazikujali tena karatasi: zilidanganya, zilifunga watu, zilipiga risasi. Katika miezi michache Wapolinesia zaidi ya 3,000 walichukuliwa, na Rapa Nui, kisiwa ambacho wengi wanakijua kwa sanamu zake kubwa za mawe, ndicho kilichoumia kuliko vyote. Huko Peru walikufa kwa kuhara damu, kwa ndui, kwa kazi na kwa huzuni. Mwaka 1863, baada ya malalamiko, hasa ya Ufaransa, serikali ya Peru ilisimamisha biashara hiyo na kutafuta meli za kurudisha waliobaki hai. Ndui ikaingia katika meli hizo pia. Kutoka Tongareva peke yake watu zaidi ya 400 waliondoka, na walioonekana tena walikuwa wachache sana. Mwanahistoria H. E. Maude, ambaye mwaka 1981 alitoa kitabu juu ya biashara hiyo baada ya kufuatilia meli moja moja, anaonyesha kwamba ni Tongareva ndiyo iliyofungua mlango: faida ya safari ile ya kwanza ndiyo iliyowaita wengine.

Nimekaa juu ya habari hii kwa muda kwa sababu ndiyo kumbukumbu ambayo mtu wa Tongareva anaibeba anapomwona mgeni mwenye mkataba mkononi. Ni karne moja na nusu iliyopita, lakini katika kisiwa cha watu mia mbili kila familia ni uzao wa wale waliobaki.

Kila mkubwa na sababu yake

Baada ya Peru wakaja wengine, na kila mmoja alikitaka kisiwa kwa jambo ambalo halikuwa la wenyeji. Mwaka 1888 manowari ya Uingereza ilipandisha bendera Tongareva. Sababu? Kulikuwa mpango wa kutandika waya wa telegrafu chini ya Pasifiki, na London ilitaka mahali pa kuupumzishia njiani. Mwishoni waya ulipita kwingine. Bendera ikabaki. Mwaka 1901 kisiwa kiliingizwa chini ya Nyuzilandi pamoja na visiwa vingine vya Cook.

Mwaka 1942, katika vita na Japani, wanajeshi wa Marekani walishuka na kujenga uwanja wa ndege. Uwanja huo ndio ndege za leo bado zinautumia. Vita ilipoisha waliondoka na kuacha vyuma.

Marekani ilikuwa na madai mengine ya zamani zaidi. Kwa sheria yake ya mwaka 1856, raia wa Marekani aliyekuta kisiwa kisicho na mwenyewe chenye mavi ya ndege wa bahari, ambayo ilikuwa mbolea ya bei kubwa wakati ule, angeweza kukidai kwa jina la Marekani. Tongareva iliandikwa katika orodha hiyo, ingawa ilikuwa na watu, vijiji na wakubwa wake. Madai hayo yalikaa kwenye karatasi zaidi ya karne moja. Ni katika mkataba wa mwaka 1980 juu ya mipaka ya bahari ndipo Washington ilikubali kuyaacha, kwa Tongareva na kwa visiwa vingine vitatu: Pukapuka, Manihiki na Rakahanga.

Wakati huo Visiwa vya Cook vilikuwa vimeshajitawala, tangu 1965, kwa mpango wa pekee: serikali yao, bunge lao, sheria zao, lakini uraia wa Nyuzilandi, na Nyuzilandi ikisaidia katika ulinzi na mambo ya inje inapoombwa. Mkataba ule wa 1980 ulionekana jambo la wanasheria tu. Leo unaonekana tofauti. Kwa sheria ya kimataifa, kila kisiwa chenye watu kinabeba eneo la bahari linalofika maili 200 za baharini kila upande. Ndiyo sababu Visiwa vya Cook, vyenye udongo wa kilometa za mraba kama 240, vina bahari ya karibu kilometa za mraba milioni mbili. Hiyo inakaribia ukubwa wa RDC yote. Mwenye Tongareva ndiye mwenye kipande kikubwa cha kaskazini cha bahari hiyo.

Viazi vya chini kabisa

Juu ya sakafu ya bahari hiyo kumelala mawe meusi ya mviringo, mengi yakiwa na ukubwa wa kiazi. Yamejijenga yenyewe, tabaka juu ya tabaka, kutokana na madini yaliyo katika maji, milimeta chache tu kwa kila miaka milioni. Ndani mna manganizi, chuma, nikeli, shaba kidogo, na kobalti. Mawe ya Visiwa vya Cook yanasifiwa kwa kuwa na kobalti nyingi kuliko yale ya sehemu nyingine za Pasifiki.

Makadirio yanayotumiwa na serikali ya Rarotonga yanasema kuna tani bilioni 6.7 za mawe hayo katika eneo lote, na ndani yake kobalti kama tani milioni 20. Tulinganishe: akiba ya kobalti ya inchi kavu ya dunia nzima inakadiriwa kuwa tani milioni 11, na milioni 6 kati yake ziko RDC. Mtu akisoma namba hizo haraka atafikiri Kolwezi imekwisha. Lakini si vitu vya aina moja. Akiba ni kile kinachoweza kuchimbwa leo kwa faida. Namba ya Cook inahesabu kila kilicholala chini, kifikiwe ao kisifikiwe. Hakuna mtu yeyote duniani ambaye ameshauza mawe haya kama biashara ya kila siku, kutoka bahari yoyote. Kuyapata ni lazima mashine itambae juu ya matope kwenye giza, mita elfu tano chini, iyafyonze na kuyapandisha kwa bomba mpaka kwenye meli, halafu yapelekwe maelfu ya kilometa kwenye kiwanda ambacho kinajua kuyasafisha.

Mwezi wa Februari 2022 serikali ilitoa leseni tatu, za miaka mitano. Ni leseni za kutafuta na kupima, si za kuchimba. Kuna pia sheria ya mwaka 2017, inayoitwa Marae Moana, ambayo inafanya bahari yote ya inchi kuwa hifadhi yenye kanuni, na inakataza uchimbaji ndani ya maili 50 za baharini kuzunguka kila kisiwa, yaani kilometa kama 92. Kwa hiyo hakuna atakayeleta mashine ndani ya maji tulivu ya Tongareva. Wanaosema kisiwa chenyewe kitachimbwa wanakosea.

Je, umbali huo unatosha? Hapo wataalamu hawakubaliani. Mashine itatifua matope laini ambayo yanaweza kuelea mbali na mkondo. Mwaka 2025 watafiti wa Uingereza walitoa matokeo ya kurudi mahali ambapo mashine ya majaribio ilipita mwaka 1979, katika sehemu nyingine ya Pasifiki: baada ya miaka 44 njia za mashine bado zilionekana, na ingawa wanyama wengine walikuwa wameanza kurudi, wale wanaoishi wakishikilia mawe hawakurudi kama zamani. Hilo halishangazi. Jiwe lililochukua mamilioni ya miaka halioti tena. Huko Rarotonga shirika la kiraia Te Ipukarea Society linaomba serikali isubiri, na inchi zaidi ya thelathini, Ufaransa na majirani kadhaa wa Pasifiki zikiwamo, zimetaka uchimbaji wa baharini usimamishwe kwanza.

Lakini siasa haisubiri. Mwezi wa Februari 2025 Waziri Mkuu Mark Brown alikwenda China na kutia sahihi ushirikiano wa pekee, pamoja na maelewano juu ya madini ya chini ya bahari. Nyuzilandi ilisema haikushirikishwa. Rarotonga kulikuwa maandamano, na bungeni Brown aliponea kura ya kutokuwa na imani. Mwezi wa Aprili Raisi Donald Trump alitia sahihi amri ya kuharakisha uchimbaji wa madini ya baharini. Mwezi wa Juni ikajulikana kwamba Nyuzilandi imesimamisha msaada wa dola zake milioni 18.2. Mwezi wa Agosti, Marekani na Visiwa vya Cook wakatangaza kwamba wameanza mazungumzo juu ya madini hayo hayo. Katika miezi saba, inchi yenye watu wachache kuliko kata moja ya Goma iliketi na Beijing, ikagombana na Wellington, ikapokelewa na Washington.

Brown anasema inchi yake ni huru kuchagua marafiki wake. Kwa maoni yangu ana haki ya kusema hivyo. Inchi yenye bahari kubwa hivyo na bajeti ndogo hivyo haiwezi kulaumiwa kwa kupima bei kwa wanunuzi wawili. Hatari iko kwingine: kupima bei kabla ya kujua unauza nini, na kabla ya wenye kijiji kuelewa karatasi inasema nini. Leseni za kutafuta zina kazi ya kujibu swali hilo la kwanza. Zikigeuzwa kuwa haki ya kuchimba kwa sababu mataifa makubwa yana haraka, hazitakuwa na maana tena.

Na Kolwezi?

Turudi nyumbani. Kusimamisha kwa Kinshasa kulidumu karibu miezi minane, kisha tangu tarehe 16 Oktoba 2025 kukaja viwango: tani 18,125 kwa mwisho wa mwaka ule, na tani 96,600 kwa mwaka, kwa 2026 na 2027. Hiyo ni chini ya nusu ya kile Congo ilitoa mwaka 2024. Bei, ambayo ilikuwa imeanguka chini kuliko miaka karibu tisa, ilipanda zaidi ya mara mbili. Serikali inaona imeshinda, na kwa upande wa bei ni kweli.

Lakini bei nzuri kwetu ni hoja nzuri kwa wapinzani wetu. Kila dola inayoongezeka kwenye kobalti ya Lualaba inafanya hesabu za meli ya Pasifiki zionekane bora mbele ya wenye benki. Na kuna hoja ya pili, ambayo inanikera zaidi. Wanaotaka kuchimba baharini wamezoea kuonyesha picha za watoto katika mashimo ya Congo na kusema: chini ya bahari hakuna watoto, hakuna vita, hakuna vijiji vya kuhamisha. Watoto wa Kolwezi wanageuzwa kuwa tangazo la biashara ambayo haitawapa hata franka moja. Kama soko la kobalti ya wachimbaji wa mikono litafungwa kwa sababu ya tangazo hilo, baba wa mtoto yule atapoteza mkate, na mtoto hatarudi shuleni kwa sababu hiyo.

Sitaki kuogopesha watu bure. Katika miaka michache inayokuja Tongareva haitafunga mgodi wowote wa Katanga. Indonezia, ambayo inatoa kobalti pamoja na nikeli yake, ni mshindani wa leo, si wa kesho. Betri za chuma na fosfati, ambazo hazitumii kobalti kabisa na ambazo viwanda vya China vinazitoa kwa wingi, ni hatari kubwa zaidi kuliko mashine yoyote ya baharini. Kobalti ikipanda sana, wahandisi wanaiondoa ndani ya betri, hawangoji meli. Na katika mawe ya Pasifiki sehemu kubwa ya thamani haitoki kwenye kobalti peke yake: bei ya nikeli ikiwa chini, kama ilivyokuwa miaka hii, hesabu zao zinayumba.

Jambo la kuangalia ni muda. Viwango vya Kinshasa vina nguvu kwa sababu Congo inatoa karibu robo tatu ya kobalti ya dunia. Nguvu hiyo ina mwisho, hata kama hatuujui mwezi wake. Makuta yanayopatikana sasa kwa bei ya juu ndiyo ya kujenga viwanda vya kusafisha Likasi na Kolwezi, na ya kuwapa wachimbaji wa mikono maeneo halali, jambo ambalo limeahidiwa mara nyingi. Marekani iliyotia sahihi na Congo ushirikiano wa madini mwezi wa Desemba 2025 ni ile ile iliyoanza mazungumzo na Rarotonga miezi minne kabla. Kwa Washington, huko ni kuwa na milango miwili. Na China, ambayo kampuni zake zinachimba Tenke Fungurume, inafanya vilevile. Wao hawategemei mlango mmoja. Ni sisi, na watu wa Visiwa vya Cook, ambao kila mmoja anafikiri anauza peke yake. Hakuna ninachokijua kinachozuia Kinshasa na Rarotonga kuongea, hata kwa simu, juu ya bei na masharti. Tofauti ya saa ni rahisi kukumbuka.

Kwa sasa hakuna leseni ya kuchimba iliyotolewa katika maji ya Cook. Ikifika siku ya kuomba, kampuni italazimika kuonyesha uchunguzi wa madhara kwa mazingira, na watu watapaswa kusikilizwa kabla ya uamuzi. Bunge la Rarotonga lina viti 24. Tongareva ina kimoja.